Usiku wa manane una muadhini wake

Saa nane ya usiku, Mkomani, Lamu. Mtoto amelala ndani ya chandarua. Juu yake, kwenye boriti, panya anapita mbio akifuata njia yake ya kila usiku. Nje kichochoroni punda wawili wanatafuna katoni iliyotupwa na mwenye duka, na paka amejikunja barazani, jicho moja likiwa kazini. Lau ungepata tone la damu la kila mmoja wao saa hiyo, ungekuta kemikali moja imepanda katika damu zote tano. Inaitwa melatonini. Mchana, katika damu hizo hizo, ni shida kuiona.

Sasa niambie: kama melatonini ni "homoni ya usingizi", kama tunavyoisikia redioni na kuisoma kwenye vichupa vya vidonge, mbona panya halali?

Swali hili si mzaha. Panya ni mnyama wa usiku. Kula kwake, kupigana kwake na kutafuta mke kwake ni gizani. Melatonini yake hupanda giza likiingia, sawasawa na yako. Kwako inafika pamoja na usingizi, kwake inafika pamoja na shughuli. Homoni ni ile ile na wakati ni ule ule, ila mmoja anafumba macho na mwingine anavamia unga. Kwa hiyo melatonini haisemi "lala". Inasema "usiku umeingia", kisha kila mnyama anafanya lile ambalo umbile lake limezoea kulifanya usiku.

Mimi tezi inayoitengeneza, tezi pineali, naifananisha na muadhini. Muadhini hapangi wakati, wala hamlazimishi mtu. Anapaza sauti, mmoja anainuka kutawadha, mwingine anavuta shuka. Kazi yake ni kuufikisha wakati kwenye kila nyumba, hata ile ya ndani kabisa isiyo na dirisha. Mwilini kipaza sauti ni damu. Viungo visivyo na macho, vilivyofunikwa na nyama na mifupa, hupata habari kwa njia hiyo kwamba jua limetua.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya video. Mpwa wangu alinitumia kwenye WhatsApp: bwana mmoja mwenye joho jeupe anasema tezi hii ni jicho la tatu, limezibwa, na akikuzibulia utaona yaliyofichika. Kuzibuliwa kuna bei yake. "Mjomba, ni kweli hii?" Nilimjibu kwamba robo yake ni kweli, na robo hiyo ina utamu kuliko uongo wote uliobaki.

Tezi yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, imekaa katikati ya kichwa upande wa nyuma, baina ya nusu mbili za ubongo. Jalinusi, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliijua kwa jina la tunda la msonobari kwa ajili ya umbo lake, na aliwakatalia waliodai kwamba ndiyo bawabu wa roho. Karne ya 17 Descartes wa Ufaransa akalirudisha dai hilo kwa mlango mwingine: sehemu nyingi za ubongo ziko mbili mbili, hii ni moja, basi hapa ndipo roho inapokutana na mwili. Hoja si mbaya kwa zama zake. Bwana wa joho jeupe hana udhuru huo.

Na jicho la tatu lipo kweli, ila si letu. Baadhi ya mijusi wana jicho utosini, lenye lenzi na retina yake, yaani utando unaopokea mwanga, chini ya gamba linalouruhusu kupita. (Si mjusi kafiri wa ukutani kwako. Huyo hana, msimsumbue.) Tezi pineali ya samaki na ya ndege nayo inahisi mwanga yenyewe, ya kifaranga ukiitoa ukaiweka kwenye kisahani cha maabara itaendelea kutoa melatonini usiku na kunyamaza mchana, bila kichwa wala mwili. Mamalia wameupoteza uwezo huo. Tezi yetu imefungiwa ndani ya fuvu na haioni lolote. Masalio ya ukoo wake ni protini kadhaa za seli za macho ambazo bado inazitengeneza, kama familia iliyouza jahazi zamani lakini ingali inaweka nanga mlangoni.

Mpwa wangu alisikitika kidogo. Alitaka jicho.

Habari za homoni yenyewe zilianzia kwenye ngozi ya chura. Mwaka 1917 Wamarekani wawili, McCord na Allen, waliwalisha viluwiluwi dondoo ya tezi pineali za ng'ombe, wakaona weusi wa ngozi umefifia mpaka viluwiluwi wakawa kama kioo. Haikuwapo dalili kwamba jambo hili linahusu usiku. Miaka 40 baadaye Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliona labda kitu hicho kitamfaa mtu mwenye mbalanga. Akakusanya tezi za ng'ombe kutoka machinjioni kwa maelfu na maelfu, akazisaga na kuzichuja, mpaka mwaka 1958 akaitenga kemikali yenyewe na kuipa jina. Mbalanga haikupona. Jina likabaki, nusu yake ikitaja weusi wa ngozi na nusu nyingine ikitaja serotonini, malighafi ambayo tezi huigeuza.

Halafu mwaka 1998, Ignacio Provencio na wenzake wakagundua katika seli za ngozi ya chura protini nyingine inayohisi mwanga. Waliiita melanopsini. Baadaye ikapatikana kwenye macho ya panya na ya binadamu, katika seli chache za retina ambazo kazi yake si kutuonyesha sura ya mtu wala rangi ya kanga, bali kupima tu kama nje kuna mwanga au hakuna. Mwanga unaozigusa zaidi ni ule wenye ubuluu, wa anga la mchana. Kwa hiyo ngozi ya chura ilitupa kwanza muadhini, ikatupa na mtu anayepanda darini kulitazama jua kwa niaba yake. Watafiti wengine hujengewa maabara za mamilioni. Hawa walilelewa na chura.

Baina ya mtazamaji jua na muadhini kuna saa, na saa hiyo ndiyo mwenye amri. Ni vifundo viwili vidogo vya seli, kama 20,000 kwa jumla, vilivyokaa juu tu ya pale mishipa miwili ya macho inapopishana. Mwaka 1972 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, Moore na Eichler upande mmoja, Stephan na Zucker upande wa pili, waliviharibu vifundo hivyo katika panya. Panya wakaishi, lakini wakawa hawana tena usiku wala mchana: ratiba ya kunywa, ya kukimbia na ya homoni ikavurugika, vipande vipande saa zote. Saa hii haihitaji kuambiwa kila dakika. Hata ukimfungia mtu gizani itaendelea kuzunguka, ila kwa wengi wetu mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika kadhaa, na kila siku mwanga wa jua huirudisha mahali pake, kama babu alivyokuwa akiirekebisha saa yake ya mkononi.

Kutoka kwenye saa hadi kwenye tezi ni mwendo wa vidole viwili. Ungedhani ujumbe utakwenda moja kwa moja. La. Unateremka shinani mwa ubongo, unaingia uti wa mgongo mpaka usawa wa kifua, unatoka nje, unapanda hadi kwenye fundo la neva shingoni, halafu ndipo unarudi fuvuni na kuifikia tezi. Ni kama mtu wa Mkomani anayekwenda Langoni, mtaa wa pili, akaona bora avuke bahari kwanza hadi Mokowe, bara. Na njia hii si nadharia ya vitabuni: mtu aliyeumia shingo mpaka uti ukakatika juu hupoteza melatonini yake ya usiku, ingawa macho yake ni mazima, saa yake ni nzima na tezi yenyewe haina kovu. Mashua imezama Mokowe.

Mwisho wa safari neva humwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kwenye tezi, na hapo kazi ya usiku inaanza. Julius Axelrod, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa utafiti wa noradrenalini na jamaa zake, alikuwa miongoni mwa walioifungua tezi hii kwa macho ya kemia. Mwaka huo huo David Klein na Joan Weller walionyesha kwamba kimeng'enya kimoja, yaani protini ya kuendesha kazi ya kemia, kinachoibadilisha serotonini hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku. Katika panya kinaweza kuzidi mara 100 usiku kuliko mchana.

Hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Wanyama hawakukubaliana namna ya kukiwasha kimeng'enya hicho. Panya huanza upya kila jioni: giza likiingia ndipo anapoinakili jeni yenye maagizo ya kimeng'enya, halafu anakitengeneza chenyewe, na saa kadhaa zinapita kabla melatonini haijajaa. Kondoo na nyani wana nakala ya jeni hiyo tayari kutwa nzima. Wanakitengeneza kimeng'enya mchana kweupe, na wanakiharibu pale pale. Usiku ukiingia, kinachobadilika ni kwamba uharibifu unakoma. Mfano wake ni mama wawili wa maandazi. Mmoja huwasha jiko baada ya magharibi. Mwingine anakaanga tangu asubuhi na kutupa baharini, anakaanga na kutupa, mpaka asikie adhana ndipo aache kutupa. Utasema wa pili ana wazimu. Lakini wateja wakifika baada ya adhana, ni nani mwenye maandazi tayari?

Na pote kuna sharti moja: tezi haina ghala. Haitunzi melatonini ya jana. Taa ikiwaka ghafla usiku wa manane, noradrenalini inakatika, kimeng'enya kinaharibiwa ndani ya dakika chache, na iliyomo kwenye damu hupungua nusu kwa muda usiofika saa moja. Muadhini huyu hana kanda iliyorekodiwa. Akinyamaza, kimya.

Ulaya na kaskazini ya dunia, urefu wa adhana hiyo ndio kalenda ya wanyama. Usiku mrefu, melatonini ya muda mrefu. Usiku mfupi, ya muda mfupi. Kondoo wa Uingereza hupandana siku zinapofupika ili wazae majira ya kuchipua. Mwaka 1965 Hoffman na Reiter waliwanyima hamsta madume, wanyama wadogo wa jamii ya panya, mwanga wa kutosha, na korodani zao zikanywea kama desturi yao ya majira ya baridi. Wale waliotolewa tezi pineali hazikunywea. Sisi Lamu, nyuzi mbili na kitu kusini ya ikweta, siku ndefu kabisa ya mwaka huizidi ile fupi kwa robo saa tu. Malindi ni kama dakika 20. Mbuzi wa Shela akisubiri tezi imwambie msimu umegeuka atasubiri sana. Huku msimu huja na pepo, kaskazi na kusi, na mvua. Tezi imebakiwa na kazi moja, ile ya kila siku: kuutenga usiku na mchana.

Na hapo nageukia lugha yetu, kwa sababu nadhani inaijua tezi hii kuliko saa ya ukutani. Mwingereza anaianza siku mpya katikati ya usiku, wakati ambapo hakuna kinachotokea mbinguni wala mwilini. Sisi hesabu ya saa inaanza na jua linapochomoza na kurudi mwanzo linapotua, na usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoingia Alhamisi magharibi. Siku inazaliwa na giza. Tezi nayo inafuata mpango huo: mtu aliyezoea kulala saa tano, melatonini yake huanza kupanda saa tatu hivi, ikiwa taa ni hafifu. Hufika kileleni baina ya saa nane na saa kumi. Tuna neno la wakati huo, usiku wa manane, wala hatukuhitaji maabara kuupa jina.

Lakini siwaungi mkono wanaosema wazee wetu walikuwa wakilala baada ya isha. Wazee gani? Maulidi yalisomwa mpaka alfajiri. Vugo lilipigwa usiku. Wavuvi wa bamvua walitoka maji yalipotaka, hawakuiuliza saa. Watu walikesha. Tofauti ni mwanga waliokesha nao. Chemli na kandili zina mwanga hafifu na wa manjano, ule ambao melanopsini haiujali sana. Karabai ilikuwa kali, nakubali, lakini karabai ilikuwa ya arusi na ya dagaa, haikuning'inia chumbani kwa kila mtoto siku 365.

Zamani wanasayansi walidhani binadamu amevuka mambo haya, kwa sababu taa za kawaida za maabara hazikuonekana kuizima melatonini ya mtu. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake wakajaribu mwanga wa luksi 2,500, kipimo cha nguvu ya mwanga unaofika machoni, nayo ikazimika. Vipimo vilivyofuata vikashusha kiwango. Utafiti mmoja wa mwaka 2019 ulikuta kwamba nusu ya melatonini hupotea kwa luksi kama 25 tu kwa mtu wa wastani, ila watu wametofautiana mno: mmoja luksi 6 zinamtosha, mwingine mpaka 350. Mbalamwezi ya kumi na nne haifiki hata luksi moja. Sebule yenye taa nyeupe dari nzima ina mia na zaidi.

Tofauti hiyo inaeleza ugomvi mwingi wa nyumbani. Mume analala na taa imewaka anakoroma, mke anaona kama anachomwa. Wote wawili wanasema kweli.

Na si macho yanayoona tu yanayohusika. Mwaka 1995 Charles Czeisler na wenzake waliwapima vipofu 11 wasioona hata mwanga, wakakuta watatu ambao melatonini yao ilizimika walipomulikwa usiku. Walikuwa hawaoni, lakini seli zao za kupima mchana zilikuwa hai. Wengine walio gizani kabisa, saa yao huteleza kila siku kidogo kidogo, mpaka baada ya wiki kadhaa usiku wao wa ndani unaangukia adhuhuri. Kwao ndiko vidonge vya melatonini vilikoonyesha kazi ya maana: mwaka 2000 vipofu sita kati ya saba walioijaribu saa yao ilishikika. Muadhini wa kuazima, akiadhini wakati mmoja kila siku, alitosha.

Wengi wetu hatumo katika kundi hilo. Tunanunua kidonge tukimezee chini ya taa nyeupe huku tukitazama simu, yaani tunamlipa muadhini wa nje na kumziba mdomo wa ndani. Na hata kilichomo hatukijui. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima peremende 25 za melatonini zinazouzwa huko. Katika 22 kipimo hakikulingana na lebo, kikifika hadi zaidi ya mara tatu ya kilichoandikwa, na moja haikuwa na melatonini hata chembe.

Simu nayo, naona, inalaumiwa kupita kiasi. Kioo chake ni kidogo. Taa ya dari inamulika chumba kizima na hakuna anayeihubiri. Tena tunasahau upande wa pili wa mizani, mchana. Jaribio la mwaka 2002 lilionyesha kwamba watu waliopata mwanga mkali mchana kwa wiki nzima, taa za usiku ziliwadhuru melatonini kidogo kuliko walipokuwa wameshinda ndani. Mvuvi anayeshinda juani ana kinga ambayo karani hana. Ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya maduka hapa Lamu, adhuhuri, njia ni nyembamba, kuta ni ndefu, mwenye duka yuko ndani ya kivuli tangu asubuhi, na jioni anawasha taa kali ili wateja waione bidhaa. Mchana wake ni wa giza na usiku wake ni wa mwanga. Saa iliyo kichwani mwake inasikia watu wawili wakibishana na hakuna anayeshinda.

Ramadhani jambo hili linajitokeza wazi. Vipimo vya wanaume waliofunga, vilivyochapishwa mwaka 2001, vilikuta kilele cha melatonini cha usiku kimepungua, na huenda kimechelewa. Nishasikia watu wakilitumia hilo kuisema saumu. Mimi nashuku taa zaidi kuliko njaa: baada ya tarawehe mji mzima unawaka mpaka daku, kisha watu wanalala asubuhi madirisha yamefungwa.

Shule nitaipitia haraka, kwa sababu nikikaa hapo nitakasirika. Kijana wa miaka 15 melatonini yake huchelewa kupanda kuliko ya mdogo wake. Si ukaidi wake. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za 2015 zinakataza shule ya kutwa kumtaka mwanafunzi afike kabla ya saa moja na robo asubuhi. Tazama ni watoto wangapi wako njiani saa kumi na mbili na sare zao.

Mama yangu alipolazwa, hospitali gani sitasema, alikaa usiku tisa chini ya taa ndefu nyeupe ambayo haikuzimwa hata dakika moja. Nilimwomba muuguzi izimwe ile ya juu ya kitanda chake. "Swichi ni moja, kaka yangu," akaniambia, na hakuwa na ubaya wowote. Wodi nzima ilikuwa na swichi moja. Usiku wa tano mama alianza kuniuliza kama ni asubuhi. Nilidhani ni ugonjwa, na huenda ndio. Lakini hata mimi, mzima, sikuwa na uhakika. Muuguzi mwenyewe yumo katika hesabu: shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007, na tena 2019, katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani.

Wodi ya wazazi ni hivyo hivyo. Mtoto mchanga hana mzunguko wake wa melatonini. Huupata kuelekea mwezi wa tatu. Kabla ya hapo usiku anauonja katika maziwa, kwa sababu maziwa ya usiku yana melatonini na ya mchana karibu hayana. Anayekamua maziwa ili aende kazini na aandike saa kwenye chupa. Bibi zetu walimweka mzazi arobaini katika chumba cha ndani chenye mwanga mdogo, kwa sababu zao nyingine, na mtoto akanyonya humo.

Sasa mji. Lamu iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo tumekuwa wakali juu ya milango, kuta za matumbawe na boriti. Ni sawa. Sijapata kusikia kikao kilichojadili giza. Taa zinafungwa popote palipo nguzo, nyeupe kama za uwanja wa ndege, nyingine zikimulika moja kwa moja kwenye dirisha la mtu. Malindi, ukiingia jioni kwa barabara, taa kubwa za juu za mulika mwizi unaziona kabla hujauona mji wenyewe.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito. Tunaoikumbuka kafyu ya 2014, wavuvi walipokatazwa bahari usiku na vichochoro vikabaki vitupu baada ya magharibi, hatuhitaji kuambiwa kwamba giza lina hofu yake. Mwanamke anayemkimbilia mkunga saa tisa usiku anataka kuona anapokanyaga. Simnyimi. Lakini anachotaka kuona ni njia, na njia iko chini. Taa ya manjano iliyofungwa chini ya usawa wa dirisha, yenye kofia inayomwaga mwanga miguuni, inamfikisha kwa mkunga vizuri kuliko ile nyeupe inayompiga machoni na kumwachia vivuli vyeusi pembeni ambamo mwizi angejificha. Wodi nayo inahitaji swichi ya pili, ambayo gharama yake ni waya na nusu siku ya fundi. Haya hayahitaji mkutano wa kimataifa.

Nilipochoka kuhubiri nilikwenda dukani kununua balbu. Mwenye duka akaniuliza nataka nyeupe au manjano. Bei ni moja. Za manjano zilikuwa nyuma, boksi lina vumbi. "Hizi hazinunuliwi, mzee wangu. Watu wanasema zinaonyesha umaskini." Nikachukua sita. Jioni nilizifunga sebuleni na kwenye ngazi. Mke wangu alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akatazama dari, akanitazama mimi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Siku ya tatu nilikuta ya jikoni, ambayo sikuwa nimeigusa, imebadilishwa nayo. Sikuuliza kitu.